Kikohozi cha Makohozi kwa Mtu Mzima

 

Leo sizungumzi juu ya mtoto. Najua mkisikia sauti yangu mnatarajia chanjo, uji au vyandarua. Lakini tangu baridi ianze huku kwetu Molo, kila mama anayeleta mtoto kupimwa uzani huniuliza jambo lingine mwishoni, akiwa tayari amemfunga mtoto mgongoni na mkono uko mlangoni: "Sista, na baba watoto anakohoa, anatoa makohozi ya kijani. Nimpe dawa gani?" Wengine huulizia mama mkwe, wengine ndugu aliyekuja kukaa. Mara chache sana mama huulizia kifua chake mwenyewe, maana la kwake huliweka nyuma ya ya wengine wote.

Swali hilo halijibiwi mlangoni kwa jina la dawa moja. Kwa hivyo leo tukae nalo vizuri.

Kwanza tuelewe makohozi ni kitu gani. Njia za hewa zinazoingia mapafuni zimefunikwa kwa ute mwembamba, hata kwa mtu mwenye afya njema. Ute huo hunasa vumbi, moshi na vijidudu. Chini yake kuna vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo hupepea usiku na mchana kuelekea juu, vikiusukuma ule ute mpaka kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Mtu akishikwa na mafua makali, njia hizo huvimba, ute huwa mwingi na mzito, na vijinywele hulemewa. Hapo ndipo mwili unatumia nguvu za kukohoa ili uchafu utoke. Kikohozi cha makohozi, basi, ni ufagio wa mapafu. Ukiuzuia ufagio, taka zinabaki ndani.

Sasa rangi, maana ndiyo inayowatia wengi hofu. Makohozi ya manjano au ya kijani hayamaanishi moja kwa moja kwamba mgonjwa anahitaji antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili, waliokwenda kupigana na ugonjwa. Askari hao huenda vitani iwe adui ni virusi au ni bakteria. Mafua ya kawaida kabisa yanaweza kuanza na makohozi meupe, yakawa ya kijani siku ya nne, kisha yakarudi meupe na kuisha bila dawa yoyote ya dukani.

Kuna rangi ambazo mimi nikiambiwa nasimama. Damu, hata kama ni michirizi tu. Rangi ya kutu ya mabati, hasa ikiandamana na homa na kichomi. Povu lenye rangi ya waridi kwa mtu asiyeweza kulala chali kwa sababu anakosa pumzi. Huyo tatizo lake huenda ni moyo, na ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Na makohozi yanayonuka vibaya kama usaha. Meusi mara nyingi ni masizi ya jikoni au ya taa ya koroboi, na hilo nitalirudia, kwa sababu si jambo dogo.

Badala ya kukazia macho rangi, hesabu siku. Kikohozi kilianza lini? Tia alama kwenye kalenda ya ukutani. Nikimuuliza mgonjwa, huniambia "juzi juzi", na juzi juzi ya mwanamume inaweza kuwa miezi miwili. Kikohozi kinachotokana na virusi, kile tunachokiita bronkaitisi ya ghafla, kwa kawaida huchukua wiki mbili mpaka tatu kuisha kabisa. Watu wengi hawajui hivyo. Wanafikiri siku ya tano mtu anapaswa kuwa amepona, na kwa kuwa hajapona wanaanza kuzunguka madukani. Homa na uchovu ndivyo vinavyopaswa kupungua mapema, ndani ya wiki ya kwanza. Kikohozi chenyewe hukawia nyuma.

Ukimtunza mtu wa namna hii nyumbani, mpe vinywaji vya kutosha. Maji, chai isiyo na sukari nyingi, uji mwepesi, supu. Mwili usiokauka hutoa makohozi mepesi zaidi, na mepesi hutoka bila kumchosha. Lakini kama daktari alimwambia apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo, afuate agizo la daktari wake. Asali kijiko kimoja, yenyewe au katika maji ya uvuguvugu yenye ndimu, hutuliza koo na hupunguza kukohoa usiku. Tangawizi nayo humpasha joto na kumstarehesha. Haiui ugonjwa, lakini sina ugomvi nayo. Angalizo moja tu: asali ya baba isimfikie mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, vikamlegeza mwili mpaka akashindwa kupumua.

Kichwa kiinuliwe kwa mito miwili wakati wa kulala. Na mfundishe kutoa makohozi bila kujichosha, kwa sababu wengi wanakohoa kwa fujo mpaka mbavu zinauma na hakuna kinachotoka. Akae wima, miguu ikanyage chini. Avute pumzi taratibu mpaka kifua kijae, aizuie kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha aachie pumzi kwa nguvu huku mdomo uko wazi, kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo ili akifute. Afanye hivyo mara mbili, apumzike, halafu akohoe mara moja kwa nguvu. Kohozi litakuja. Afanye zoezi hili asubuhi akiamka na jioni kabla ya kulala, na usiku wake utakuwa na amani zaidi, na wako pia.

Kuhusu kujifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi: ninajua nyumba nyingi zinafanya. Mvuke humfanya mtu ajisikie kifua kimefunguka kwa muda, lakini ushahidi kwamba unaharakisha kupona ni mdogo sana, na maji yanayochemka chini ya blanketi, huku watoto wakizunguka, yameunguza watu. Mimi simshauri mtu. Ukiona lazima afanye, sufuria iwekwe mezani mahali imara, watoto wakae nje, na asikaribishe uso. Mafuta ya taa kwenye sukari, ambayo bado naulizwa, ni hapana. Tone likipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia mbaya zaidi ya kile kikohozi mlichokuwa mnakitibu.

Na hili la baridi nalisema kwa uchungu. Mgonjwa anatetemeka, mnamwingizia jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili apate joto. Mama, jiko hilo linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala na hawaamki. Mgonjwa apewe blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko lisilale chumbani, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha.

Sasa twende dukani. Chupa za kikohozi ziko nyingi na zote zina picha ya mtu anayetabasamu. Uliza kila moja inafanya kazi gani. Zipo za kulainisha makohozi, kama zile zenye guaifenesini, bromheksini au ambroksoli. Hizo zinaweza kusaidia kidogo, na ninasema kidogo. Zipo za kuzuia kikohozi, kama zile za kodeini. Mtu mwenye makohozi mengi hatakiwi kupewa za kuzuia, kwa sababu tulisema kikohozi ni ufagio. Isitoshe, kodeini hufunga choo, husinzisha, na mtu huizoea mpaka hawezi kuiacha. Mama anayenyonyesha asiinywe kabisa: hupita kwenye maziwa na inaweza kupunguza pumzi ya mtoto. Halafu zipo chupa zilizochanganya vyote viwili, cha kulainisha na cha kuzuia, katika kijiko kimoja, na mpaka leo sijaona faida ya kununua chupa inayovuta huku na kule.

Dawa zenye klofeniramini, ile mnayoijua kama Piriton, huleta usingizi. Kama mgonjwa wako anaendesha bodaboda au anafanya kazi kwenye mashine, usimpe asubuhi halafu umwache aende. Zile za kufungua pua zinaweza kupandisha presha. Mama mkwe mwenye presha asipewe bila kumuuliza mwenye duka na kumtajia dawa anazomeza kila siku. Kwa homa na maumivu ya mwili, paracetamol inatosha. Mtu mzima humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku nzima, mchana na usiku. Angalia pia kama ile dawa ya mafua aliyonunua tayari ina paracetamol ndani yake, maana watu wengi huongeza dozi bila kujua. Aliye na ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza.

Ukiniuliza pesa zako chache uzipeleke wapi, nitakwambia: nunua asali, ndimu na paracetamol, na nyingine weka nauli ya kwenda kituo cha afya.

Antibiotiki ndilo jambo linalonisumbua zaidi. Mtu anakwenda dukani na kusema, "Nipe amoksilini ya shilingi hamsini." Anapewa vidonge sita. Anameza siku mbili, anasikia nafuu ambayo ingekuja yenyewe, anaweka vilivyobaki kwenye kikombe juu ya kabati, na mwezi ujao anampa jirani. Kama ugonjwa ulikuwa wa virusi, vidonge vile havikufanya kitu ila kumharisha. Kama ulikuwa wa bakteria, dozi ile haikutosha kuwaua wote, na waliobaki wamejifunza. Siku akija mgonjwa wa nimonia kweli, tunakuta dawa rahisi haifanyi kazi tena na inabidi kutafuta ya bei ghali. Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana. Baadhi ya antibiotiki hupunguza makali ya kifua kikuu kwa muda bila kukiponya. Mtu hudhani amepona, anarudi kazini, na ugonjwa unaendelea kumla na kuwafikia watu wa nyumba yake.

Antibiotiki zina kazi yake. Mwenye nimonia anazihitaji, na anazihitaji haraka. Ndiyo maana lazima umtambue asiye wa kukaa nyumbani. Mnakumbuka tulivyofundishana kuhesabu pumzi za mtoto? Mtu mzima naye huhesabiwa. Akiwa ametulia, angalia kifua kikiinuka na kushuka kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu, na usimwambie unahesabu, maana atabadilisha pumzi. Mtu mzima mwenye afya hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 30, huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku na pesa ni za kukopa. Vivyo hivyo kama hawezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, kama midomo inageuka rangi ya buluu au kijivu, kama amechanganyikiwa na hajui yuko wapi, kama anatapika damu au kuikohoa kwa wingi, kama kifua kinabana na kuuma vikali. Wazee wanaweza kuwa na nimonia bila homa kali. Nyanya aliyekuwa akichambua maharagwe jana na leo hajui jina la mjukuu si uzee uliomwingia ghafla.

Kuna wengine ambao hawana dalili hizo lakini sitaki wangoje hata wiki: mama mjamzito mwenye homa na kikohozi, mtu mwenye kisukari, anayeishi na virusi vya ukimwi, mgonjwa wa moyo au pumu, na mzee sana. Hawa wapelekwe mapema. Tangu mwaka wa 2020 tumejua pia ugonjwa wa korona, na huo bado upo kati yetu pamoja na mafua mengine, nao huwakaba zaidi watu hawa hawa.

Na wiki mbili zikipita, kila anayekohoa apimwe kifua kikuu, yaani TB. Utaniuliza: kama kikohozi cha virusi kinaweza kufika wiki tatu, mbona niende baada ya mbili? Kwa sababu kupima makohozi hakuna hasara, lakini kukaa na TB ndani ya nyumba moja na watoto kuna hasara kubwa. Na kama pamoja na kikohozi kuna jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, homa za jioni au mtu mwingine nyumbani ana TB, msisubiri hata hizo wiki mbili.

Nitawasimulia juu ya mama mmoja, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Mumewe alikuwa akipakia viazi kwenye malori. Alianza kukohoa mvua za mwezi wa nne zilipoanza. Mpaka mwezi wa saba alikuwa amemaliza chupa tano za dawa ya kikohozi, dozi mbili za antibiotiki ambazo hazikukamilika, na sindano moja ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Kila mara alisema ni vumbi la magunia. Mama alikuja kwangu na mtoto wa miaka miwili aliyekuwa haongezi uzani. Nilipouliza kama kuna mtu mzima anayekohoa nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, mwenzangu ametoboa mshipi wake tundu la tatu." Mama huyu hakujua jina la ugonjwa, lakini aliona mshipi. Mumewe alipimwa, akakutwa na TB. Mtoto naye alikuwa nayo, na wote wawili walianzishiwa matibabu wiki hiyo. Bei ya zile chupa tano ingelipa nauli ya kwenda kupima na kurudi mara kadhaa.

Vipimo vya TB na dawa zake havilipiwi katika vituo vya afya vya serikali. Mgonjwa hupewa kikopo cha makohozi. Sikilizeni jinsi ya kutoa makohozi yenyewe, kwa sababu wengi hutuletea mate, na mate hayasemi kitu. Aamke asubuhi kabla ya kula, asukutue kwa maji matupu, atoke nje penye hewa mbali na watu. Avute pumzi ndefu kama tulivyofundishana pale mwanzo, akohoe kutoka chini kabisa ya kifua, ateme moja kwa moja ndani ya kikopo. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha. Afunge kifuniko vizuri, akiweke mbali na jua na mbali na watoto, na kiletwe siku hiyo hiyo. Mashine ya kisasa iitwayo GeneXpert huchukua kama saa mbili kutoa jibu, na huonyesha pia kama vijidudu vina usugu kwa dawa kuu ya TB. Kama zahanati yenu haina mashine, sampuli hupelekwa kwenye hospitali iliyo nayo, kwa hivyo jibu linaweza kuchukua siku kadhaa. Mgonjwa hushauriwa pia kupima virusi vya ukimwi, kwa sababu magonjwa haya mawili hupenda kuandamana. Lakini si kila mwenye TB ana ukimwi, na naomba mnaotazamana kwa macho hayo kanisani na sokoni muache.

TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Dawa hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hiyo isimtishe mtu. Akiona macho yanakuwa ya manjano, au anatapika kila anachokula, arudi kituoni mara moja. Mama ukitumia vidonge au kijiti cha kupanga uzazi, na wewe ndiwe unayetibiwa TB, mwambie muuguzi siku ya kwanza, maana moja ya dawa hizo hupunguza nguvu ya njia hizo na unaweza kushika mimba bila kutarajia. Mgonjwa akimeza dawa vizuri, na dawa zikawa zinamfaa, kwa kawaida baada ya wiki kama mbili hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana. Hapo ndipo wengi hujiona wamepona na kuacha. Wasiache. Dawa zikikatizwa hurudi na TB sugu, na hiyo matibabu yake ni magumu zaidi.

TB haienei kwa sahani, kikombe, nguo wala kupeana mikono. Inaenea kwa hewa, mtu akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hivyo usimtengee baba sahani yake kama mtu aliyefukuzwa, mfungulie dirisha. Watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba hiyo waletwe kuchunguzwa hata kama wanacheza vizuri, kwa kuwa wakikutwa hawana ugonjwa hupewa dawa ya kuwakinga. Chanjo ya BCG waliyopata walipozaliwa huwasaidia dhidi ya TB kali zaidi, lakini haizuii TB yote.

Ikiwa makohozi yamepimwa na si TB, na kikohozi bado kipo, hapo ndipo narudi jikoni. Wapo wanawake niliowatibu ambao hawajawahi kugusa sigara, lakini mapafu yao ni kama ya mvutaji wa miaka mingi. Wamepika kwa kuni katika jiko la mafiga matatu tangu wakiwa wasichana, ndani ya jikoni isiyo na dirisha, wakipuliza moto kwa mdomo. Moshi huharibu vile vijinywele nilivyovitaja, na ute ukikosa wa kuusukuma hukaa chini. Mtu akikohoa makohozi kwa miezi mitatu au zaidi katika mwaka, miaka miwili mfululizo, tunasema ana bronkaitisi sugu. Asubuhi anakohoa kwa nusu saa kabla ya kuanza kazi, na anaona ni kawaida yake. Baada ya muda kupanda kilima na mtungi kunamshinda.

Uharibifu huo haurudi nyuma wote, lakini unaweza kuzuiwa usiendelee. Gesi ikiwezekana ni bora zaidi. Isipowezekana, toboa dirisha na weka nafasi chini ya paa upande wa pili ili moshi upite. Tumia kuni zilizokauka vizuri; mbichi hutoa moshi maradufu. Funika sufuria, loweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi, na siku isiyo na mvua pikia nje. Mtoto asikae mgongoni wakati unapuliza moto. Na anayevuta sigara, mwambieni ukweli kwamba hakuna dawa ya kikohozi itakayofanya kazi akiendelea kuvuta. Akiacha, anaweza kukohoa zaidi kwa wiki chache za mwanzo, kwa sababu mapafu yameanza kujisafisha. Asiogope akarudi kwenye pakiti.

Yule ambaye kifua hulia kama filimbi, hasa usiku wa manane au akiingia kwenye vumbi, huenda ana pumu. Huyo hatapona kwa dawa ya chupa. Apelekwe aonwe, apewe dawa ya kuvuta na afundishwe kuitumia.

Naona barua nyingi zinauliza jinsi ya kumshawishi mwanamume anayekataa kwenda. Sina dawa ya hilo, lakini nitawaambia lililowafaa wengine. Usimwanzie na TB mbele ya watu. Mwonyeshe kalenda yenye alama, siku kumi na nane, mkiwa wawili. Mwambie hutaki kugombana, unataka kikopo kimoja cha makohozi tu. Wengine wamekubali walipoambiwa ni kwa ajili ya mtoto. Ikishindikana, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zenu. Yeye huuliza kila nyumba juu ya kikohozi, kwa hivyo baba hatahisi umemshtaki. Wakati mwingine kaka yake mkubwa akisema neno moja hulipita lako kumi, na hilo msilione kuwa ni kushindwa.

Wakati mnangoja majibu, anayekohoa afunike mdomo kwa kiwiko au kitambaa. Asiteme sakafuni wala kwenye majani ya mlangoni. Mpe kopo lenye kifuniko, na yaliyomo yamwagwe chooni, kopo lioshwe kwa sabuni na maji moto, nawe unawe mikono. Milango na madirisha yafunguliwe mchana, hata kama baridi ya Molo inang'ata. Vaeni sweta.

Mama mmoja ameuliza, kama yeye ndiye atakayekutwa na TB, je, amwachishe mtoto ziwa? Asimwachishe. Aendelee kunyonyesha, ameze dawa zake kila siku, afunike mdomo kwa barakoa anapomnyonyesha katika wiki zile za mwanzo, na amlete mtoto tumchunguze.

Wiki ijayo tutarudi kwa watoto, na tutazungumza juu ya kuhara wakati wa mvua. Kwaherini.